Cidade de Deus: tunamkumbuka Zé Pequeno, tunakisahau kile chumba

Mleta uzi

Wakuu, kila ukifunguliwa uzi wa filamu za wauza unga humu ndani, jina la Zé Pequeno, yule mkuu wa genge wa Cidade de Deus, halikosi ukurasa wa kwanza. Watu wanabandika picha yake akiwa na bastola, wanamsifia ukatili, kisha mjadala unahamia kwenye nani mbabe kati yake na majambazi wa filamu za Marekani. Naona hapo tunaipunja filamu yenyewe, na leo nataka nieleze kwa nini. Nitaimwaga hadithi yote, kwa hiyo ambaye hajaiona akaiangalie kwanza, uzi utamsubiri.

Kwa wageni: Cidade de Deus, ambayo wengi wetu tuliijua kwa jina la City of God, ni filamu ya Brazili ya mwaka 2002. Iliongozwa na Fernando Meirelles akishirikiana na Kátia Lund. Imetokana na riwaya ya Paulo Lins iliyotoka 1997. Lins alikulia katika mtaa huohuo, na kabla ya kuandika alifanya utafiti humo pamoja na mwanaanthropolojia Alba Zaluar. Ndiyo maana biashara inaelezwa kwa undani ule: nani anabeba mzigo, nani anafunga kete, nani analinda, nani anakusanya hesabu, na kijana anapandaje kutoka kutumwa soda hadi kushika silaha.

Mtaa ni wa kweli, uko magharibi mwa Rio de Janeiro, upande wa Jacarepaguá. Serikali iliujenga miaka ya 1960 ili kuhamishia huko watu walioondolewa kwenye vibanda vya karibu na katikati ya jiji, na mafuriko ya Januari 1966 yakaleta wengine waliobaki bila makao. Waliwekwa mbali na kazi na mbali na zile fukwe zinazoonekana kwenye kadi za watalii. Sehemu ya kwanza ya filamu inaonyesha nyumba zilizopangwa mistari, zote sura moja, vumbi jekundu na lori la gesi likiingia. Tangu hapo, mtu wa serikali anayefika mtaani kila mara ni polisi tu. Humwoni mwalimu wala daktari wala fundi wa barabara. Shikeni hilo, nitalirudia.

Sasa chumba. Katikati ya filamu, Zé Pequeno anapokwenda kunyang'anya kijiwe cha kuuzia kwenye zile ghorofa, hadithi inasimama na kutusimulia historia ya chumba chenyewe. Kamera inawekwa kwenye kona moja na haisogei. Tunamwona mama mmoja, Dona Zélia, akiuza bangi apate kulea watoto wake. Kuna makochi, kuna mapazia, ni sebule ya familia kabisa. Kisha mama anafifia na mahali pake panashikwa na Grande, mmoja wa vijana waliokuwa wakimfanyia kazi. Grande anafifia, anakuja Cenoura. Cenoura anamwagiza Neguinho amuue rafiki aliyeshindwa kulipa deni, na malipo ya kazi hiyo ni chumba. Kila anayekabidhiwa, samani zinapungua, kuta zinachakaa, mwanga unapotea. Halafu mlango unagongwa. Zé Pequeno huyo.

Ni dakika chache tu, lakini kwangu filamu nzima imo mle. Wenye chumba wanabadilika mmoja baada ya mwingine na biashara haisimami hata siku moja. Hakuna anayekumbukwa. Sisi tunamwona Zé Pequeno kama mfalme, na filamu imeshatuonyesha kwamba yeye ni mtu wa tano kupita kwenye sebule ya Dona Zélia.

Mdau wa Tabata

Mkuu umeandika vizuri ila hapa nakupinga. Zé Pequeno hakuwa mpita njia. Kabla yake kila mtu alikuwa na kijiwe chake, hakuna mpangilio. Yeye ndiye aliyekusanya vyote mkononi, akapiga marufuku wizi na ubakaji mtaani, watu wakaanza kulala milango wazi. Filamu inasema hivyo waziwazi. Yule jamaa alikuwa na akili ya biashara, kilichommaliza ni hasira na wivu wa kukosa mwanamke. Bené, rafiki na mshirika wake, angekuwa hai, ufalme usingeanguka.

Mleta uzi

Mkuu wa Tabata, ni kweli kwamba wakati wake wizi ulipungua. Lakini tazama sababu inayotolewa: wizi unaleta polisi, na polisi wakija wateja hawaji. Ile ilikuwa amani ya duka. Na bei yake tunaonyeshwa, kwenye tukio ambalo nadhani ni gumu kuliko yote.

Wale watoto wadogo wanaoitwa Caixa Baixa wanaiba madukani mtaani. Zé Pequeno anawafukuza, anawabana wawili ukutani, anawauliza wanataka risasi ya mkono au ya mguu. Wananyoosha mikono, anawapiga miguuni. Kisha anamgeukia Filé com Fritas, mtoto aliyejiunga na genge juzijuzi, anampa bunduki amchague mmoja amuue. Mtoto anachagua. Hapo ndipo milango wazi ya mtaa ilipotoka.

Halafu umri. Miaka ya 1960 tunao Cabeleira, Alicate na Marreco, vijana watatu wanaopora lori la gesi na kuwaachia majirani mitungi. Mmoja anaokoka na kurudi kanisani, wawili wanakufa. Nyuma yao alikuwepo Dadinho, mtoto waliyemwacha alinde mlango wakati wa kupora gesti. Yeye ndiye aliyeingia ndani baadaye akaua watu kwa raha zake, na ndiye Zé Pequeno wa kesho. Nyuma ya Zé Pequeno wapo Caixa Baixa. Wale watatu wa kwanza walikuwa wezi wenye bunduki, Dadinho akawa muuaji mwenye biashara. Caixa Baixa wanapommiminia risasi Zé Pequeno mwishoni, wanaondoka wakipanga orodha ya watu wengine wa kuua, na wanaulizana nani kati yao anajua kuandika. Hawajafikia hata urefu wa kaunta ya benki.

Hasira na mwanamke vilichangia, sikatai. Lakini ukisema kilichommaliza ni hasira, unasema angetulia biashara ingebaki salama mikononi mwake. Nani mwingine kwenye ile filamu alituliza hasira akadumu? Bené alikuwa mpole kuliko wote, anapendwa na mtaa mzima, ameshaamua kuondoka na mpenzi wake Angélica akaishi shambani. Aliuawa kwenye sherehe yake ya kuagwa, kwa risasi iliyokuwa ya mwingine.

Mdau wa Mwanza

Naomba kuuliza kuhusu picha. Kwa nini mwanzo rangi ni ya dhahabu halafu mwishoni kila kitu kinakuwa cha baridi na kamera inatetemeka? Ni bajeti au ni makusudi? Na wale watoto walipatikana wapi, maana hawaigizi kama waigizaji.

Mleta uzi

Ni makusudi kabisa. Mpiga picha ni César Charlone, mhariri ni Daniel Rezende. Miaka ya 1960 kamera imetulia, jua la jioni limejaa, vijana wanacheza mpira kwenye uwanja wa vumbi. Miaka ya 1970 rangi zinachangamka, kuna muziki na dansi, kamera inaanza kucheza nao. Vita kati ya genge la Zé Pequeno na la Cenoura vinapoanza, rangi zinakauka, mikato inakuwa ya haraka, na wakati mwingine hujui ni nani anampiga nani. Waliopigana wenyewe hawakujua. Filamu inatuambia wavulana walijiunga na upande huu au ule kwa kisasi cha kaka, cha rafiki, cha tusi la zamani, na baadaye hakuna aliyekumbuka chanzo.

Kuhusu watoto: karibu wote walitoka kwenye mitaa kama hiyo ya Rio. Mwigizaji aliyekuwa na jina kubwa ni mmoja tu, Matheus Nachtergaele, aliyecheza Cenoura. Wengine waliitwa kwenye karakana ya uigizaji iliyodumu miezi, ikiwa na mkono wa Guti Fraga wa kundi la Nós do Morro la mtaa wa Vidigal, halafu Fátima Toledo akawaandaa kwa ajili ya matukio yenyewe. Hawakupewa maneno ya kukariri. Walielezwa hali ilivyo, wakazungumza kwa midomo yao, na mwandishi wa filamu Bráulio Mantovani akayarudisha yale maneno kwenye andiko. Leandro Firmino, Zé Pequeno mwenyewe, ni mzaliwa wa Cidade de Deus. Ile sala genge linayosali kabla ya kwenda vitani ilitoka kwa kijana aliyekuwa amepitia maisha hayo. Alimwambia Meirelles kwamba huwa wanasali kwanza, akaombwa aiongoze. Hakuna mwandishi aliyekaa mezani angeiandika vile.

Kwenye Oscar za 2004 iliteuliwa vipengele 4: mwongozaji, andiko, picha na uhariri. Haikuchukua hata kimoja. Mimi kwa upande wa uhariri nitalalamika hadi nizeeke.

Mdau wa Kisauni

Asalaam aleikum. Mimi ni mtu wa Mombasa, na nimesoma uzi huu pole pole maana mambo ya unga huku kwetu si filamu. Ndugu yangu, una haki kuhusu chumba, lakini mimi nimeitazama mara kadhaa na kila mara najiuliza swali moja. Mateja wako wapi?

Tunaona wanaouza, wanaofunga, wanaolinda, wanaokufa kwa risasi. Anayetumia tunamwona kidogo sana, tena aghlabu ni kijana wa ufukweni mwenye pesa, kama yule Tiago. Mimi nimekulia mtaa ambapo vijana niliocheza nao kibe wamekaa ukutani wamesinzia na mate yanawatoka, na mama zao wamefungia masufuria kwa kufuli yasiuzwe. Mtu haliwi na bunduki huku, analiwa taratibu kwenye kibaraza cha kwao, miaka kumi. Dawa ya methadoni ilipoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na baadaye kliniki zikafunguliwa kwetu pwani, ndipo nilipoona mtu amerudi kuwa mtu. Amekuja harusini amevaa kanzu safi na watu wakalia. Filamu inayosema inaeleza biashara ya unga na ikamwacha huyo nje, kwangu imeeleza nusu.

Mleta uzi

Waaleikum salaam dada. Mchango wako ni mzito na sina la kuupinga. Ongezea hapo kwamba hata muuzaji mkubwa hayumo. Kokeini haioti Jacarepaguá. Inavuka mipaka, inapita kwa watu wenye ndege na akaunti za benki, na hakuna hata mmoja anayeonyesha uso. Tunapewa mtu wa silaha, na nyuma yake polisi, basi. Mambo yote yanabaki ndani ya mtaa, na mtazamaji asiyekuwa makini anatoka akiamini kwamba unga ni tatizo linalozaliwa na kufia kwa maskini.

Lakini kuhusu Tiago kuna jambo limejificha, na nilichelewa sana kuliona. Tiago ndiye aliyekuwa na Angélica kabla ya Bené, msichana aliyependwa na Buscapé, kijana wa mtaani anayetusimulia hadithi na anayetamani kuwa mpiga picha. Anaanza kuvuta, anaingia kwenye kokeini, anafika mahali pa kutoa vitu vyake apate mzigo. Kwenye sherehe ya Bené anakuja na kamera ya picha, na Bené anaichukua ili ampe Buscapé. Zé Pequeno anaipora, zinatokea vurugu, na katika vurugu hizo ndipo Bené anauawa. Baadaye kamera hiyo hiyo inafika kwa Buscapé alipoitwa kulipiga picha genge, na picha hizo zinatokea ukurasa wa mbele wa gazeti. Yaani chombo kilichomtoa Buscapé mtaani kililipiwa kwa uteja wa mwenzake na kifo cha mwingine. Filamu haitusimamishi ituambie. Inapita tu.

Mdau wa Tabata

Hilo la kamera sikuwahi kulifikiria. Sawa mkuu. Lakini basi Buscapé ndiye ushahidi kwamba mtu anaweza kutoka. Na yule konda wa basi je?

Mleta uzi

Afadhali umemtaja konda, maana nilikuwa nakuja kwake.

Buscapé na rafiki yake wamekata tamaa, wamepata bastola, wanapanda basi wapore. Konda ni Mané Galinha. Anawachangamkia, anaongea nao, anawaambia wasome watoke mtaani. Wanashindwa kumpora kwa sababu ni mtu mwema. Mané Galinha ni kila kitu ambacho wahubiri na wanasiasa wanatuambia tuwe: amepitia jeshini, ana kazi halali, havuti, ana mchumba anayempenda. Halafu Zé Pequeno anambaka mchumba wake mbele yake, anakwenda nyumbani kwake na kuua watu wa familia yake. Ile subira yote ikamfaa nini? Hana polisi wa kumkimbilia. Anajiunga na Cenoura.

Anaingia na sharti moja, kwamba asiyehusika asiuawe. Kwenye uporaji wa kwanza anamzuia mwenzake asimuue mtu. Kwenye unaofuata mambo yanakwenda mrama na anaua mlinzi ili kumwokoa mwenzake. Baada ya hapo sharti halipo tena. Meirelles anaonyesha matukio yote haraka haraka, moja juu ya jingine, na unajikuta umeshamkubali Galinha mwuaji kabla hujashtuka kwamba umemkubali. Miezi inapita, kijana aitwaye Otto anajiunga na genge lao, mpole, anasema anataka kulipa kisasi cha baba yake. Baba yake ni yule mlinzi. Otto anampiga Galinha risasi akiwa amemgeuzia mgongo.

Konda alifuata kila shauri jema alilopewa na mtaa ukamfikia hata hivyo. Buscapé alitoka, ndiyo. Alitoka kwa kamera iliyopita kwenye mikono ile niliyoitaja, na kwa kuchagua picha ya kupeleka gazetini. Alikuwa na mbili: ya maiti ya Zé Pequeno, na ya polisi wakichukua pesa za Zé Pequeno kabla ya kumwachia huru. Anapeleka ya maiti, anapata nafasi ya kazi. Ya polisi anaificha, maana ingempa jina kubwa na ingemwua. Simlaumu hata kidogo. Lakini tazama nani amebaki bila kupigwa picha. Serikali iliyowajengea nyumba ikawatelekeza inakuja mwishoni kukusanya mgao wake, na gazeti halitaandika.

Mdau wa Mwanza

Na watu wenyewe wa Cidade de Deus waliipokeaje? Kuna mahali nilisikia walikasirika.

Mleta uzi

Wapo waliokasirika, na sauti iliyosikika zaidi ni ya MV Bill, mwanamuziki wa rap wa mtaa huohuo. Alilalamika hadharani kwamba filamu imewabandika chapa wakazi wote, hasa watoto, na kwamba wao hawakunufaika nayo. Watu zaidi ya milioni 3 waliingia kumbi za Brazili kuitazama. Fikiria wewe ni kijana wa pale unaomba kazi mjini, unaandika anwani yako kwenye fomu, na anayekusaili ameiona filamu wiki iliyopita.

Mimi naipenda filamu hii kuliko karibu zote nilizowahi kuona, na bado naona MV Bill ana haki. Maelfu ya watu wa pale walikuwa wakiamka alfajiri kupanda basi kwenda kufanya kazi za ndani, ujenzi, usafi. Filamu inawaonyesha mlangoni na dirishani tu, wakishuhudia. Mwaka 2016 Rio ilipoandaa Olimpiki, medali ya kwanza ya dhahabu ya Brazili ililetwa na Rafaela Silva wa judo, msichana aliyekulia Cidade de Deus. Dunia nzima ikaandika habari zake, na karibu kila habari ilianza kwa kutaja filamu. Alipigana na mpinzani wake mkekani, akapigana na Zé Pequeno kwenye kichwa cha habari.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: sehemu kubwa ya filamu haikupigwa Cidade de Deus yenyewe, kwa sababu hali ya usalama ilikuwa mbaya. Walitumia mitaa mingine, ukiwemo Cidade Alta.

Mdau wa Kisauni

Swali la mwisho ndugu yangu, nisikuchoshe. Huyo konda alikuwepo kweli ama ni wa kubuni? Maana mimi ndiye aliyeniumiza.

Mleta uzi

Alikuwepo, dada. Usizime majina yanapoanza kupanda mwishoni. Wanaweka kipande cha mahojiano ya zamani ya televisheni, Mané Galinha mwenyewe wa kweli, akijibu maswali ya mwandishi. Tukio hilo umeshaliona ndani ya filamu likiigizwa na Seu Jorge, kwa hiyo unayasikia maneno karibu yaleyale kutoka kwa mtu mwenyewe. Mimi mara ya kwanza nilikuwa nimeshanyanyuka kwenda zangu, nikarudi kukaa.

Na kwa walioniuliza inbox kuhusu tamthilia ya mwaka 2024 ya HBO: ndiyo, inaendeleza hadithi hii, Alexandre Rodrigues amerudi kama Buscapé, sasa ni mpiga picha mtu mzima miaka ya 2000. Safari hii wakazi wanaofanya kazi na kujipanga kupinga vita wamepewa nafasi kubwa zaidi, na Berenice, yule mpenzi wa Cabeleira, ni mtu wa maana mle ndani. Nitaifungulia uzi wake. Wenye hoja kuhusu Bené zileteni hapahapa, maana mdau wa Tabata naona bado hajaridhika.